Makofi Nyuma ya Mlango

Kiwanda kilikuwa cha magodoro, na katika kiwanda cha magodoro kosa la kulala kazini lina kichekesho chake. Ni kama kumshtaki mpishi kwa kuonja mchuzi. Kule karakana ya chini sponji zimepangwa hadi darini, laini, nyeupe, zinamwita mtu kwa jina lake, na anayemaliza zamu bila hata kuegemea anastahili nishani. Lakini kanuni za kiwanda hazikuwa na utani: kulala kazini ni kosa la nidhamu. Aliyeziandika kanuni hizo ni mkuu wa idara ya utumishi, mama mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, ambaye watu wa ofisi zote za ghorofani na wa karakana nzima ya chini walimwita Mama Utaratibu.

Jina hilo hakulichukia. Alilipata kihalali. Mwaka uliotangulia msimamizi mmoja alimfukuza dereva wa lori getini, kwa kelele, mbele ya kadamnasi, na dereva akaenda kushtaki kwenye baraza la usuluhishi wa kazi. Mama Utaratibu ndiye aliyesimama kuitetea kampuni. Msuluhishi alimuuliza maswali ya kawaida kabisa. Mtu huyu aliambiwa kosa lake mapema? Alipewa nafasi ya kujieleza? Aliruhusiwa kuja na mwenzake? Aliyemshtaki ndiye huyo huyo aliyemhukumu? Kila swali lilimnyofoa kipande cha nyama, maana majibu yote yalikuwa ya aibu. Dereva alikuwa mlevi kweli, hata pale barazani alinukia, lakini msuluhishi alisema sababu mlikuwa nayo, haki hamkutenda. Dereva akarudishwa kazini, akaingia getini anatembea kama bwana harusi.

"Wafundishe wasimamizi wako," Mkurugenzi akamwambia siku hiyo, bila kumtazama. "Sitaki kuona tena karatasi ya baraza mezani kwangu."

Basi akawafundisha. Aliwaketisha kwenye chumba cha mikutano, akawaeleza sheria ya kazi kuanzia mizizi: kwamba huwezi kumwachisha mtu kazi kwa sababu umeamka vibaya, lazima pawe na sababu halali, na hata sababu ikiwepo lazima pawe na utaratibu wa haki. Wasimamizi wakatikisa vichwa, wakapiga miayo, wakaangalia simu zao chini ya meza. Honi, msimamizi wa ukataji, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya sauti yake, alikoroma waziwazi. Yaani mada ya kosa la kulala kazini, na mwanafunzi kalala. Mama Utaratibu alikasirika hadi miwani ikamtoka puani.

Ndipo lilipomjia wazo la kufanya kikao cha nidhamu cha mazoezi, na hili wazo, kwa kweli, lilikuwa zuri. Ubaya wake ulikuwa kwamba mwenye wazo alikuwa yeye, na yeye hakujua kufanya jambo nusu.

"Sikilizeni," aliwaambia. "Tukifanya mchezo, mtajifunza mchezo. Kuanzia sasa neno mazoezi lisitoke kinywani mwa mtu. Wito uwe wito. Shtaka liwe shtaka. Kikao kiwe kikao. Mtu akicheka, tunaanza upya. Na asipongezwe mtu mpaka mshtakiwa ametoka na mlango umefungwa. Nataka mjue uzito wa kumtazama mtu usoni na kumwambia kazi imekwisha."

"Mshtakiwa nani?" Honi aliuliza.

"Nitafutie mmoja kwako. Mtulivu, asije akatuharibia kwa vichekesho. Shtaka ni kulala kazini, mtunge wenyewe maelezo."

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na lilipita mbele ya macho yake bila kubisha hodi. Yeye akaenda kuandaa viti.

Mtulivu aliyechaguliwa alikuwa mkata sponji ambaye wenzake walimwita Kisu. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mabega ya mtu wa kazi, sauti ya mtu asiyetaka kusumbua. Ijumaa asubuhi aliingia chumba cha mikutano amevaa shati lililopigwa pasi hadi likawa na makali. Nyuma yake aliingia mshonaji mmoja mtu mzima ambaye kiwanda kizima kilimwita Shangazi, amekuja kuwa mwenzake, kama sheria inavyoruhusu. Mama Utaratibu aliketi pembeni na kalamu yake, moyo umemjaa furaha. Hata mwenzake kamleta, alijisemea. Honi leo kafanya kazi.

Msimamizi wa stoo ndiye aliyeongoza kikao, maana mshtaki hawezi kuwa hakimu. Honi akasimama, akaeleza kwamba alimkuta Kisu amelala nyuma ya rundo la sponji baada ya chakula cha mchana. Alitunga tu. Kwa maisha yake yote Honi hakuwahi kutunga kitu kikaenda sawa, isipokuwa siku hiyo.

"Una lolote la kusema?" msimamizi wa stoo akauliza.

Kisu alisimama. Viganja vyake alivibana kwenye mapaja. "Ni kweli nililala," akasema.

Hakuna aliyetegemea akubali haraka hivyo, na Mama Utaratibu akainua nyusi.

"Si kwamba nadharau kazi," Kisu akaendelea. "Baba yangu alipata kiharusi. Upande mmoja wote umekufa. Daktari alisema asilale ubavu mmoja usiku kucha, nyama itaoza. Sasa maneno yote yamempotea, amebakiwa na moja tu. Ubavu. Akisema ubavu, naamka namgeuza. Nikijilaza kidogo, ubavu. Mke wangu ananyonyesha, nikamwambia usiku niachie mimi. Mchana nikikata sponji naziona zinaogelea. Siku hiyo niliegemea tu, nikasema nafumba macho kidogo." Machozi yalimtoka bila sauti, naye hakuyafuta, akaendelea kusimama wima kama yanatoka kwa mtu mwingine. "Baba ndiye aliyeniombea kazi hapa. Alikata sponji miaka yake yote kwenye mashine hii hii. Naomba mnisaidie."

Msimamizi wa stoo alikohoa, akatazama dari. Honi alikuwa ameshika mdomo. Mama Utaratibu aliandika neno moja kwenye karatasi yake, akalipigia mstari: hodari. Alijiuliza kijana huyu kipaji hiki alikuwa amekificha wapi, na kiwanda kikiwa na sherehe za mwisho wa mwaka kila mwaka.

Msimamizi wa stoo na waamuzi wenzake wakatoka, wakarudi. Uamuzi ulikuwa umepangwa tangu jana yake, kwa sababu shabaha ya somo ilikuwa namna ya kuutamka. Msimamizi wa stoo akautamka vizuri, taratibu, macho kwa macho: kosa limethibitika, umeachishwa kazi, una haki ya kukata rufaa kwa Mkurugenzi.

"Sina rufaa," Kisu alisema. "Nililala kweli. Ahsanteni kwa kunisikiliza."

Shangazi akamshika kiwiko, wakatoka, mlango ukafungwa.

Hapo chumba kikalipuka. Walipiga makofi, Honi akapiga mluzi na kugonga meza, msimamizi wa stoo akafuta macho huku anacheka, na Mama Utaratibu mwenyewe alipiga makofi mpaka viganja vikapata moto. Aliwanyamazisha kwa shida. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu mzuri, akawasahihisha. "Utaratibu safi," akasema, "lakini adhabu si sahihi. Kwa utetezi kama ule, mtu hana rekodi mbaya, ana mgonjwa nyumbani, sheria inataka mpime. Mtu huyu anapewa onyo, na mnazungumza naye namna ya kumbadilishia zamu. Mkimfukuza, barazani mnaanguka." Wote wakakubali. Wengine wakaandika.

Jumatatu alikuja na zawadi ya Kisu, chupa ya chai mpya, nzuri, imefungwa kwa karatasi ya maua. Akaiweka pembeni mwa meza akisubiri nafasi ya kumwita. Siku zikapita na shughuli zake. Chupa ikaendelea kukaa.

Wiki ilipokaribia kwisha, Honi akapanda ghorofani, kifua mbele. "Mama, Kisu haji kazini. Hana ruhusa, hana taarifa. Simu yake nimepiga, imezimwa. Zamani ningemfukuza moja kwa moja, lakini safari hii nimefuata utaratibu. Nimembandikia wito ubaoni, aje ajieleze kwa nini ni mtoro."

"Leo umeiva," Mama Utaratibu akamwambia, na alimaanisha. Alimpa hata mkono.

Hakukaa sana kabla mlango wake haujafunguliwa bila hodi. Alikuwa Shangazi, aproni imejaa nyuzi, pumzi juu, mkononi ameshika ule wito alioubandua ubaoni. Katika miaka yake yote ya kiwanda, Shangazi hakuwa amepanda ngazi zile kwa hiari. Watu wa chini walikuwa na yao na watu wa juu walikuwa na yao, na ngazi ilikuwa ya kupandia wanaoitwa.

"Mimi sikusoma sana," Shangazi alisema, "nifahamishe. Mtu mmoja mnamfukuza mara ngapi?"

"Nani kafukuzwa?"

"Kisu. Ijumaa ile mmemfukuza, mimi niko pale pale, nimemshika mkono. Leo mnambandika ubaoni eti ni mtoro. Mtu aliyefukuzwa anatoroka nini? Hata maiti haiuawi mara mbili."

Mama Utaratibu alicheka, kicheko kifupi cha mtu anayetaka kusahihisha. "Shangazi, yale yalikuwa maz..." Neno likamkwama. Aliutazama uso wa yule mama, na uso ule haukuwa na hata chembe ya mchezo.

"Alikuwa anaigiza," akasema polepole. "Si alikuwa anaigiza?"

"Nani?"

"Kisu. Habari za baba yake."

"Baba yake yuko kitandani," Shangazi akasema. "Mimi nimemgeuza kwa mikono yangu."

Yapo mambo yakikufika unapiga ukelele, na yapo yakikufika unaishiwa hata mate. Mama Utaratibu aliishiwa mate. Alishika ukingo wa meza na kuona mbele yake ile karatasi ya Ijumaa, bado ipo kwenye trei, na lile neno lake lililopigiwa mstari. Hodari. Alitaka kuketi akakumbuka kwamba tayari ameketi. Masikio yalimvuma, na katikati ya mvumo ule alikuwa anasikia makofi, na katika makofi hayo aliyatambua ya kwake.

Honi aliitwa. Alifika akitabasamu, tabasamu likamfia mlangoni.

"Hukumwambia kwamba ni mazoezi?"

"Mimi?" Honi alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, ulisema neno hilo lisitoke kinywani mwa mtu. Nilimwambia kama ulivyofundisha. Una shtaka la kulala, Ijumaa saa nne, njoo na mwenzako. Nikajua wewe umeshamweleza."

"Nami nikajua wewe umeshamweleza."

Wakatazamana kama watu wawili walioshika kamba moja, kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye aliyemfunga ng'ombe. Ng'ombe alishakwenda zamani.

Wote watatu wakashuka hadi getini kumuuliza mlinzi kama alimwona Kisu. Mlinzi akavuta droo bila kuulizwa sana. Ndani mlikuwa na kisu cha kukatia sponji kimeviringishwa kwenye aproni iliyofuliwa, na juu yake kadi ya matibabu, ile inayomtibu mfanyakazi na wategemezi wake. "Alinikabidhi mwenyewe Ijumaa," mlinzi akasema. "Kwa mikono miwili. Nikamwambia kadi subiri wakudai wenyewe, akasema hapana, si yangu tena. Nilisikia uchungu, lakini mimi ni nani."

"Hiyo kadi ndiyo iliyokuwa inampeleka mzee kliniki ya viungo," Shangazi akasema.

Mama Utaratibu akaichukua kadi. Aliigeuza huku na huku, na Honi alijifanya anaangalia lori lililokuwa linaingia.

Mkurugenzi alipoambiwa, alifanya kile ambacho wakurugenzi hufanya. "Mpigie simu arudi kimya kimya. Mpe likizo fupi. Yaishe."

"Hayaishi hivyo," Mama Utaratibu alisema, akatoka kabla hajaambiwa atoke. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuvunja utaratibu wowote katika ofisi ile.

Kisu alikaa mtaa wa nyuma ya kiwanda cha matofali, vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji wengi, kamba ya nguo imekatiza ua. Shangazi alitangulia, Mama Utaratibu akafuata na ile chupa ya chai kwapani, kisha alipofika mlangoni akaona aibu nayo akaiacha nje kwenye ngazi. Mke wa Kisu alikuwa anafua na mtoto mgongoni. Alimwamkia mgeni kwa adabu zote, akamletea kiti, na adabu hiyo ilimchoma Mama Utaratibu kuliko kama angetukanwa.

Kisu alitoka ndani akifunga vifungo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ilimbidi aanze mara mbili. "Mwanangu, kile kikao cha Ijumaa hakikuwa kikao. Tulikuwa tunawafundisha wasimamizi. Hukufukuzwa. Hukuwahi kufukuzwa."

Kisu alimtazama Shangazi, akamtazama tena yeye. Hakuonyesha furaha, alionekana kama mtu anayesikiliza lugha anayoijua nusu.

"Lakini mlinisikiliza," akasema. "Yule dereva alifukuzwa kwa matusi. Mimi niliitwa, nikapewa kiti, nikaambiwa nina haki ya rufaa. Nilirudi nikamwambia mke wangu, hata kufukuzwa nimefukuzwa kwa heshima."

"Ndivyo alivyosema," mke akathibitisha, mikono imetulia majini.

Kazi yake yote, miaka yake yote, Mama Utaratibu alitaka mfanyakazi mmoja aseme maneno hayo kuhusu kikao chake. Sasa yamesemwa, na kikao chenyewe kilikuwa cha uongo.

"Mzee yukoje?" akauliza, kwa kuwa hakuwa na lingine.

Mke ndiye aliyesema, sauti chini, asisikike ndani. "Hatuiti tena usiku. Kwanza tulimficha, mume wangu akamwambia yuko likizo. Halafu Shangazi akaja kutupa pole, mzee akasikia kwamba mwanawe kafukuzwa kwa kulala. Tangu siku hiyo usiku hasemi ubavu. Tulidhani na neno lenyewe limempotea. Kumbe anabana sauti. Anataka mwanawe alale. Sisi tukalala, wajinga sisi, tukashukuru kwamba anapata nafuu. Juzi namwosha, nakuta nyonga imefunguka, nyama nyekundu."

Shangazi aliweka mkono mdomoni, maana yeye ndiye aliyeleta pole. Mama Utaratibu alisimama, akaketi, akasimama tena. Kupitia pazia aliona kitanda, na mgongo wa mzee aliyeelekea ukutani, mpana, umetulia kabisa. Alifahamu kwamba mzee yule amelala na maumivu yale, macho wazi gizani, usiku baada ya usiku, kwa sababu ya mfano uliotungwa kwenye chumba cha mikutano.

"Kadi hii hapa," alisema hatimaye, akaiweka juu ya kiti. "Leo hii apelekwe. Na kazi yako ipo. Zamu tutabadilisha. Rudi hata kesho."

"Nitarudi," Kisu akasema. "Lakini mama, mlinifukuza mbele ya watu. Nirudisheni mbele ya watu hao hao, viti vile vile. Na kuna kitu nataka kuuliza. Nitauliza pale."

Basi viti vikapangwa tena. Mama Utaratibu alivipanga mwenyewe, na ule wa mshtakiwa akauvuta na kuukalia. Wasimamizi walisita mlangoni walipomwona pale. Mkuki kwa nguruwe, alijisemea, na kiti kilikuwa kigumu kuliko alivyowahi kudhani kikiwa cha wengine. Msimamizi wa stoo alimuuliza, kwa kanuni alizomfundisha yeye mwenyewe, kama amekuja na mwenzake. Alikuwa amesahau. Amewakumbusha haki hiyo watu wote wa kiwanda, na hakuwahi kufikiri yeye angemwita nani. Alianza kutikisa kichwa, ndipo Shangazi aliyekuja na Kisu akanyanyuka, akavuta kiti, akaketi ubavuni kwake.

"Hapa mtu haketi peke yake," Shangazi akasema. "Endeleeni."

Mama Utaratibu alieleza kosa lake bila kulipamba. Kwamba alimwita mtu kwenye kikao bila ridhaa yake na bila kumwambia ni kikao gani. Kwamba uamuzi ulikuwa umepangwa kabla hajafungua mdomo, na kwamba hata walipousikia utetezi wake hawakuubadilisha. Alisema amekuja kuomba msamaha, na uamuzi wowote wa Mkurugenzi juu yake ataupokea. Mkurugenzi, aliyekuwa ameketi nyuma karibu na dirisha, aliangalia viatu vyake. Msimamizi wa stoo akamtangazia Kisu kwamba uamuzi wa Ijumaa ile haukuwa uamuzi, haupo, haukuwahi kuwepo. Halafu akamuuliza kama ana lolote.

"Swali moja," Kisu akasema. Alimwelekea Mama Utaratibu. "Tulipotoka, mlango ukafungwa. Mimi na Shangazi tulikuwa hatujafika hata kwenye ngazi. Tukasikia makofi. Mtu akapiga mluzi. Nimekaa nalo hilo. Kufukuzwa nilikuelewa, kosa nilikuwa nalo. Lakini nilikaa najiuliza, nimewakosea nini watu hawa hata wakafurahi namna ile. Mlikuwa mnapigia nini makofi?"

Mama Utaratibu alikuwa amejiandaa kwa kila swali. Sheria alikuwa nayo kichwani, vifungu vyote, fidia, taratibu, mamlaka ya baraza. Hili hakuliona likija. Honi alikuwa ameinamisha kichwa hadi kidevu kimegusa kifua.

Uongo wa upole ulikuwepo hapo, na mtu mwingine angeusema. Mama Utaratibu hakuusema. "Tulikuwa tunakupigia wewe," akasema. "Ulilia. Tukaona umelia vizuri."

Nje mashine ya kukatia ilikuwa inaunguruma, na ilisikika kama imo chumbani. Shangazi aliyekuwa ubavuni kwake alifumba macho, lakini hakuondoka.

"Kumbe," Kisu alisema. Hakuonekana na hasira, na kila mtu pale angeshukuru kama angekuwa nayo. "Basi hayo uliyoniambia mimi, nenda ukamwambie mzee. Mimi nimeshamwambia sikufukuzwa, hanisadiki. Nilimdanganya kwanza na likizo, sasa anadhani nambembeleza. Anabana sauti hadi leo. Mwambie wewe."

Akaenda jioni hiyo hiyo, moja kwa moja kutoka kazini. Mzee alikuwa amelazwa chali kwa mito, ametoka kliniki, macho yake makali kuliko mwili wake. Mama Utaratibu aliketi kwenye kigoda karibu na kichwa chake, na maneno yote ya ofisini yakamkimbia. Alimwambia kwa Kiswahili cha mtoto mbele ya baba. Kwamba mwanawe hakufukuzwa. Kwamba ulikuwa mchezo wa kufundishana, mwanawe hakuambiwa, na aliyesahau kumwambia ni yeye. Kwamba mwanawe alisimama akamtetea baba yake akalia, nao wakadhani anaigiza. Kwamba walimpigia makofi. Alisema yote, hata hilo, kwa sababu alijua akilificha hilo mzee atanusa kwamba kuna kilichofichwa na hatasadiki lolote.

Mzee alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, jicho moja likitoa maji na lingine kavu, mpaka Mama Utaratibu akainamisha uso. Kisu alikuwa amesimama penye pazia, mkewe nyuma yake na mtoto. Shavu la mzee lililobaki zima likaanza kufanya kazi, likivuta lile lililokufa, kama mtu anayefungua mlango uliovimba kwa mvua.

"Ubavu," mzee akasema.

Kisu aliruka mbele kama alivyozoea. Lakini ule mkono mmoja wa mzee uliokuwa na nguvu ulikuwa umeshainuka, ukamzuia mwanawe, ukabaki hewani, umemwelekea mgeni.

"Anataka umgeuze wewe," Kisu akasema.

Mama Utaratibu alivua miwani, akavua saa. Kisu akamwelekeza: mkono mmoja begani, mmoja chini ya nyonga, usivute, sukuma taratibu. Mzee alikuwa mzito kuliko alivyotegemea, na wa moto. Alipomgeuza, shuka likateleza, akakiona kidonda, kikubwa kama kiganja, pale pale mwili ulipokuwa umelalia kimya. Alijizuia kutoa sauti. Mzee akashusha pumzi ndefu, akafumba macho, na baada ya kitambo kidogo akaanza kukoroma. Mama Utaratibu aliendelea kuinama pale, mgongo unamuuma, mkono wake bado begani kwa mzee, asijue kama ameruhusiwa kuutoa.